Heri na Afadhali: Waraka kwa Wenzangu wa Baraza la Kusoma

Ndugu wanachama wenzangu,



YAH: KIKAO CHA MWEZI UJAO, NA DENI LETU KWA MWENZETU

Nawaandikia nikiwa katibu wenu, ila zaidi nikiwa mkosaji wa kwanza. Mnakikumbuka kikao kile alichokuja mwenzetu, yule ambaye sote tunamwita Shangazi, siku tisa baada ya banda lake la vitenge kuungua sokoni. Tulikuwa tunasoma Epictetus, mwanafalsafa wa Kistoiko aliyewahi kuwa mtumwa. Nami, chai haijamiminwa, nikamwambia kwamba mambo yote ni mafungu mawili, yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo katika uwezo wetu, na kwamba mali ni ya fungu la pili. Mmoja wenu akadakia kuwa kinachomuumiza mtu si tukio, ni fikra zake juu ya tukio. Wengine mkaitikia kwa vichwa. Shangazi akatusikiliza mpaka tulipoishiwa, kisha akauliza: “Na huyo mtumwa wenu, alikuwa na watoto wa kulisha?”

Hakuna aliyejibu. Akamaliza chai yake, akasema “Kwaherini”, wala hakuongeza “ya kuonana”. Huu ni mwezi wa tatu hajakanyaga kikaoni.

Nimerudi vitabuni na swali lake. Mwanzoni nilitafuta la kujitetea, nakiri. Nilichokuta ni kwamba Wastoiko hawa (wasomaji wa Matendo ya Mitume wanalijua jina hilo tangu sura ya 17) hawakutuangusha. Sisi ndio tuliowaangusha. Waliandika dawa ya mtu kumeza mwenyewe, nasi tukamshika mwenzetu pua tukamnywesha.

Kwanza swali lenyewe, maana linastahili jibu. Epictetus alizaliwa mnamo mwaka 50 baada ya Kristo huko Hierapolis, mji ambao magofu yake yapo Uturuki ya leo. Alikua mtumwa mjini Roma, bwana wake akiwa Epaphroditus, naye pia mtumwa wa zamani aliyeachwa huru akapanda cheo kwa Kaizari Nero. Alikuwa kiwete. Kuna wanaosimulia kwamba bwana wake ndiye aliyemvunja mguu, huku yeye akimwonya kwa utulivu kwamba mguu utavunjika. Wengine wanasema yalikuwa maradhi tu. Kisa cha kwanza kinapendwa sana barazani kwetu. Mimi sikiamini, kinanukia hekaya. Kaizari Domitian alipowafukuza wanafalsafa Roma, Epictetus alihamia Nicopolis, magharibi ya Ugiriki, akafungua shule huko.

Miaka mingi aliishi bila mke wala mtoto. Mwandishi Lucian anasimulia kwamba siku moja alimhimiza mwanafalsafa Demonax aoe na kuzaa, naye Demonax akamwomba amwoze mmoja wa binti zake. Kwa hiyo lile alilolinusa Shangazi hata watu wa zama zile walilinusa. Lakini kipo kisa kingine, alichokihifadhi Simplicius aliyeandika maelezo ya kitabu chake karne kadhaa baadaye. Uzeeni, Epictetus alimchukua mtoto wa rafiki yake ambaye angetupwa kwa sababu ya umaskini, akatafuta na mwanamke wa kukaa nyumbani amlee. Basi jibu la haki kwa Shangazi ni hili: sehemu kubwa ya maisha yake, hapana, hakuwa na watoto wa kulisha. Alipompata mmoja, alimpata kwa kuwa alikataa kusema kwamba mtoto wa mwenziwe hayumo katika uwezo wake.

Sasa aibu yenyewe. Kile kijitabu tulichokuwa tunasoma, alichokikusanya mwanafunzi wake Arrian kutoka darasani, kina vifungu 53 kwa mgawanyo uliozoeleka. Sisi tulisoma cha 1 na cha 5, tukajiona tumehitimu. Fungueni cha 16. Kinamzungumzia mtu mnayemkuta analia kwa huzuni, ama mwanawe amesafiri au amekufa, ama amepoteza mali. Naam, mali. Epictetus anakutaka wewe unayemtazama ukumbuke moyoni kwamba ni hukumu ya mtu juu ya tukio ndiyo inayomlemea. Hakwambii umhubirie hilo. Anakwambia usisite kuwa naye kwa maneno ya kumliwaza, na hata kuugua pamoja naye ikibidi. Kwa Kiswahili hilo lina neno moja, nalo tunalijua tangu utotoni: pole. Katika kikao kizima kile nimejaribu kukumbuka ni nani aliyelitamka, na sijamkumbuka.

Epictetus anaongeza sharti: uugue pamoja naye, lakini usiugue kwa ndani. Hapo sipo naye. Anayelia matangani huku ndani amekauka, wazee wetu wana jina lake, na si jina zuri. Hata Seneca, Mstoiko mwenzake aliyetangulia, hakuliweza sharti hilo. Katika barua moja anamwasa rafiki yake Lucilius asizidishe kilio kwa aliyefariki, na papo hapo anaungama kwamba yeye mwenyewe alipofiwa na Annaeus Serenus alilia kupita kiasi. Seneca alikuwa tajiri mno, na anaposifu umaskini mimi humsikiliza kwa sikio moja. Barua hiyo ndiyo inayonifanya nimpende.

Turudi kwenye msingi, kwa sababu nadhani tulikuwa tunachanganya maneno. Wagiriki walibishana juu ya kitu walichokiita eudaimonia. Kwa asili neno hilo linamaanisha mtu kuwa na pepo mwema, jambo ambalo halitamshangaza mzee yeyote wa pwani. Sisi barazani tumekuwa tukilitafsiri “furaha”. Furaha ni ndogo mno. Timu yako ikishinda unafurahi, na kesho asubuhi imekwisha. Raha nayo ni ya kivulini na ya kitandani. Neno linalokaribia ni heri, lile tunaloombeana kila tukiagana, pengine bila kulisikia. Mtu wa heri anaweza kuwa na siku mbaya, akawa na mwaka mbaya hata, na bado maisha yake ukiyatazama yote kwa jumla ukasema yamekaa sawa.

Na kitu cha kuileta heri waliita kwa neno ambalo wanafalsafa walioandika kwa Kiarabu walilifasiri fadhila. Sisi fadhila tunaijua kama hisani, wema wa kulipana. Kwao ilikuwa ubora wa mtu kama mtu: hekima, haki, ujasiri na kiasi. Wastoiko walishikilia jambo gumu: fadhila peke yake ndiyo njema, na inatosha kuleta heri. Afya, mali, watoto, jina zuri, vyote hivyo vimo katika kundi jingine, kundi la vitu ambavyo ni afadhali kuwa navyo kuliko kutokuwa navyo. Nimechagua neno hilo makusudi. Afadhali na fadhila ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Kile walichokitenga Wastoiko kwa ukuta, lugha yetu imekilaza chumba kimoja.

Na si lugha yetu tu. Cicero, aliyewajua vizuri, aliwalaumu kwamba wametofautiana na wafuasi wa Aristotle kwa maneno matupu: wale wanaita mali “jema dogo”, hawa wanaiita “si jema, lakini afadhali”, na sokoni wote wawili wananunua samaki yule yule. Samaki nimemtia mimi. Hoja ni ya Cicero. Naiona na nguvu, ingawa haimalizi. Kwa Mstoiko, hata ukiirundika afadhali ikafika paa, haiongezi heri yako hata chembe, na ikiteketea yote haipunguzi. Kwa hiyo hakuna bei ambayo unaweza kulipwa ili uidhulumu nafsi yako kwa kufanya lisilo haki. Hapo nawavulia kofia.

Lakini angalieni ni nani aliyekuwa akiyasema haya, na kwa nani. Zeno, mwanzilishi wao, alikuwa mtu wa Kitio katika kisiwa cha Kupro. Inasimuliwa kwamba alikuwa mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, meli yake ikazama, akajikuta Athens kwenye duka la vitabu akisikiliza habari za Socrates. Baadaye alisema kwamba siku alipozamiwa na meli ndiyo aliyosafiri vyema. Maneno mazuri. Lakini aliyasema yeye, juu ya shehena yake yeye. Hatusikii kwamba alisimama bandarini akawaambia hayo mabaharia wengine waliokuwa wakijikamua maji. Marcus Aurelius, Kaizari tangu mwaka 161 hadi 180, alikuwa na watoto zaidi ya 12, wengi wao wakafa wadogo. Kitabu chake kimejaa “wewe”: wewe usilalamike, wewe amka ukafanye kazi ya binadamu. Huyo “wewe” ni yeye mwenyewe. Jina ambalo kitabu hicho kimetufikia nalo kwa Kigiriki lina maana ya mambo ya kuiambia nafsi yake.

Na wala si falsafa ya kukunja mikono, kama tulivyoigeuza. Wana mfano wa mpiga mshale, nao umo katika kitabu cha Cicero, mdomoni mwa Cato anayewasemea humo. Mpiga mshale hufanya kila lililo mkononi mwake: huchagua mshale ulionyooka, hulenga kwa makini, huvuta upinde kwa utulivu. Mshale ukishatoka, upepo unaweza kuupeleka kando, naye hajashindwa katika lililokuwa lake. Tazameni kiasi cha kazi kilichomo humo kabla ya neno “upepo” kutajwa! Sisi tulianza na upepo. Banda limeungua, si katika uwezo wetu, ongeza chai. Moto hatukuuweza, kweli. Ila Shangazi anadaiwa, na baadhi ya madeni hayo ni ya hawa wakopeshaji wa kausha damu wanaofuata marejesho kila wiki mlangoni. Kati yetu yumo mwanasheria mstaafu, wamo walimu wawili wenye akiba isiyo na kazi, yumo seremala. Upinde ulikuwa ukutani, tukaupa mgongo.

Aristotle angetucheka. Yeye alifundisha kwamba heri ni utendaji wa roho kwa mujibu wa fadhila katika maisha kamili, na akasema waziwazi kwamba inahitaji vitu vya nje: marafiki, riziki, na bahati isiyo mbaya kupindukia. Mfano wake ni Priam, mfalme wa Troy, aliyeishi vyema miaka yote akaja kupoteza watoto na mji uzeeni. Hakuna, asema Aristotle, anayemwita mtu aliyekwisha hivyo mtu wa heri. Na wanaodai kwamba mtu mwema ana heri hata akiwa amefungwa kwenye gurudumu la mateso, anasema wanazungumza upuuzi, watake wasitake.

Hata hivyo hamwachi Priam jaani. Mtu mwema, anasema, hawezi kuwa fukara wa roho, kwa kuwa hatatenda la aibu kamwe. Atazitumia hali alizopewa kwa namna iliyo bora, kama fundi viatu hodari anavyotengeneza kiatu kilicho bora kutokana na ngozi aliyoletewa. Mfano huo ndio niliokaa nao muda mrefu kuliko yote. Ufundi ni wa fundi. Hakuna moto unaouchoma. Hapo Wastoiko wako sawa. Lakini fundi asiyeletewa hata kipande cha ngozi hashoni chochote, na watu hawatajua kama ni fundi. Hapo Aristotle yuko sawa. Mimi nasimama hapo katikati, na kama kuna mwanachama anayeona ni kusimama kwenye uzio, aje tubishane. Shangazi ni fundi. Aliyelea watoto wanne kwa kuuza vitenge, kwa mizani isiyo na hila, hatuhitaji kumfundisha uvumilivu. Kazi yetu ilikuwa kupeleka ngozi.

Kant ninamleta kwa sababu moja tu, na wale waliomchoka mtanisamehe. Mjerumani huyu wa Königsberg alisema kwamba Wastoiko na Waepikureo (wafuasi wa Epicurus) walifanya kosa la pamoja: kila mmoja alilazimisha vitu viwili viwe kimoja. Mstoiko alidhani kujijua kuwa mwema ndiyo heri yenyewe; Mwepikureo alidhani kuitafuta heri kwa akili ndio wema wenyewe. Kwa Kant, wema ni jambo la wajibu na heri ni jambo jingine, na mtu anaweza kuustahili mwisho mwema asiupate. Sentensi hiyo ingetufaa sana siku ile. Tungemwambia Shangazi, “Hukustahili haya,” na tungekuwa tumesema kweli.

Kisha katika kitabu chake cha mwaka 1797 cha metafizikia ya maadili, anamtaja tena mwenye hekima wa Kistoiko. Anamsifu kwa kutaka rafiki si ili asaidiwe naye, bali apate wa kumsimamia. Papo hapo anataja kwamba huyo huyo, akishindwa kumwokoa rafiki, hujiambia: langu nini? Na katika kurasa hizo hizo Kant, ambaye tumezoea kumwona kama barafu, anasema tuna wajibu wa kutokwepa mahali walipo maskini, vyumba vya wagonjwa na magereza ya wadaiwa. Tuyaendee, ili huruma tuliyoumbiwa ipate kuamka ndani yetu. Yaani huruma haingojewi nyumbani. Unaifuata kwa miguu. Wangapi kati yetu tumefika kwa Shangazi tangu pale? Mimi sijafika.

John Stuart Mill nitampitia haraka. Kitabu chake cha mwaka 1863 kinapima tendo kwa heri inayoletwa kwa wote wanaoguswa nalo, na heri ya mmoja haina uzito zaidi kuliko ya mwingine. Angehudhuria kikao kile angetuomba hesabu: saa mbili za maneno mazuri zimempunguzia maumivu nani? Najua mmoja wenu alisema pembeni kwamba wapo walioungua zaidi ya Shangazi na hawana baraza lolote. Hiyo ni hesabu ya Mill kweli, nami sina jibu la kuimaliza. Nasema tu kwamba aliyeitumia hesabu hiyo hakwenda kwa hao wengine pia. Mill mwenyewe, akiwa na miaka 20, alijiuliza kama angepata heri iwapo malengo yake yote yangetimia, akajikuta anajibu hapana, akaingia katika giza la miezi mingi. Alipotoka aliamini kwamba heri huwajia wanaoelekeza macho kwenye kitu kingine, kama vile heri ya wenzao.

Na Epicurus, tuliyemdharau kama mtu wa starehe? Alikufa kwa maumivu ya mawe ya njia ya mkojo. Siku za mwisho aliandika barua kwamba kumbukumbu ya mazungumzo na rafiki zake inayapita maumivu, akaomba watunzwe watoto wa Metrodorus, rafiki yake aliyetangulia kufa. Watoto wa kulisha, tena. Swali la Shangazi limetembea mbali kuliko tulivyodhani.

Mwisho nina Mstoiko mmoja mdogo, ambaye hatukuwahi kumpanga kwenye ratiba, aitwaye Hierocles. Alisema kila mtu yumo katikati ya duara nyingi: nafsi yake, kisha wazazi na ndugu, kisha ukoo, kisha watu wa mtaa, wa mji, mpaka wanadamu wote. Kazi ya mtu mwema ni kuzivuta duara za nje ziingie ndani. Njia mojawapo aliyoshauri ni ya majina: binamu uwaite ndugu, na ndugu za wazazi wako uwaite baba na mama. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Alichokishauri kama zoezi la falsafa, sisi tumezaliwa nacho. Tuna baba mkubwa na mama mdogo, na sokoni tunamwita “mama” mtu tusiyemjua hata jina. Yule mwenzetu tumemwita Shangazi miaka sita, na hakuna kati yetu aliye mtoto wa kaka yake. Jina tulishalivuta ndani. Mtu mwenyewe tumemwacha nje.

Basi nawaomba, na kwa mamlaka madogo ya ukatibu nawaagiza, yafuatayo. Kikao cha mwezi ujao hakitafanyika ukumbini. Tutakutana kituo cha daladala Jumamosi ya kwanza saa nne asubuhi, tuende kwa Shangazi. Aliye na mchango ampe mweka hazina kabla ya Alhamisi. Kiasi ni siri ya mtoaji. Mwanasheria wetu aje na miwani yake, azisome karatasi za ile mikopo. Seremala aje na bei ya mbao na ya bati za geji 30. Atakayetaka kusoma asome kifungu cha 16, na lile fungu la fundi viatu katika kitabu cha kwanza cha maadili cha Aristotle. Asome nyumbani, vitabu asije navyo. Tukifika, msemaji atakuwa mmoja, naye atasema pole na kunyamaza. Maneno mengine yatoke kwa mwenye nyumba.

Nakala ya waraka huu sijampelekea Shangazi. Nitampa mkononi mimi mwenyewe, nikishamwambia nililopaswa kumwambia siku ile.

Wenu,
Katibu